Habari uliyoiandika utakutana nayo Kabwe

Kwenye msiba mmoja Iyunga, hapa jijini Mbeya, miaka kama kumi iliyopita, nilikaa benchi moja na wanaume wenzangu tukisubiri chakula. Siku mbili kabla nilikuwa nimeandika kwenye blogu yangu habari ya mfereji uliochimbwa mtaani ukaachwa wazi, mpaka mtoto wa shule akatumbukia na kuvunjika mkono. Nilimtaja mtendaji kwa cheo, jina sikuliweka. Halikuwa na kazi. Mtaa una mtendaji mmoja. Sinia likaja, tukalizunguka watu sita, nikainua macho. Aliyekaa mbele yangu, mkono umeshazama kwenye wali, ni yeye. Akachambua kipande cha nyama kilichonona, akanisogezea.

"Kula, kaka mwandishi," akasema. "Nguvu ya kuniandika tena utaitoa wapi?"

Benchi zima likacheka. Nami nilicheka, na nyama nikaila. Mfereji ulifukiwa wiki iliyofuata, hilo nalo niliseme. Lakini habari nyingine tatu nilizokuwa nazo za mtaa uleule, moja ikimhusu yeye, hazikutoka. Hakuna aliyenikataza. Kila nilipofungua kompyuta nilikiona kile kipande cha nyama.

Mazungumzo ya matatizo ya wanablogu wa mikoani kwa kawaida huanzia kwenye sheria, yakapitia ada, yakaishia kwenye bei ya bando. Yote hayo yapo na nitayafikia. Ila mimi niliyeandika Mbeya kwa miaka kadhaa na kuwatembelea wenzangu wa Iringa mara kwa mara, naona kilichozifanya blogu zetu zipendwe na kilichozidhoofisha ni kitu kilekile: ujirani. Mwandishi wa Dar es Salaam anaweza kumwandika waziri asikutane naye maisha yake yote. Wa huku anamwandika mtu atakayepanda naye daladala kesho asubuhi kutoka Uyole, na keshokutwa watasimama foleni moja Kabwe.

Blogu ya Kiswahili yenyewe ilizaliwa mbali na huku. Ndesanjo Macha alianza kuandika Jikomboe mwaka 2004. Mwaka uliofuata, wakiwa mkutanoni Helsinki, alimsaidia mpiga picha Muhidin Issa Michuzi kufungua blogu ambayo baadaye kila Mtanzania mwenye kompyuta aliijua. Hilo la Helsinki huwa linanifurahisha: blogu iliyojaa harusi, misiba na vijembe vya Dar ilifunguliwa kwenye baridi ya Finland. Huku kwetu, mtu aliyenifanya niamini kwamba inawezekana ni Maggid Mjengwa, aliyekuwa akiendesha yake akiwa Iringa. Alipiga picha ya mtu anayesukuma baiskeli yenye mkaa, au kina mama kando ya barabara na ndoo zao za nyanya, na chini yake mistari miwili mitatu. Nilipoziona nilijiambia, kumbe hiki ninachokiona kila siku nikienda Mwanjelwa ni habari.

Yangu niliifungua 2010 kwenye intaneti kafe ya ghorofani, Mwanjelwa hapohapo. Kompyuta sita, mbili mbovu, nusu saa shilingi 500. Picha moja ilichukua dakika kumi kupanda. Na 2011 ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Picha ikifika karibu na mwisho umeme unakatika, kafe nzima inaguna kwa pamoja kama uwanja wa Sokoine mpira ukigonga mwamba. Kijana wa kafe hakurudisha hela. "Si mimi ninayekata umeme, kaka," alikuwa akisema, huku akichomoa waya moja baada ya nyingine kwa utaratibu wa mtu aliyezoea.

Novemba mwaka huohuo machinga na polisi walipambana jijini, na hapo ndipo wengi wetu tulipojua kazi yetu ni nini. Nani mkosaji, nani kachochea, hayo magazeti yaliyashughulikia. Waliokuwa wakitupigia simu na kutuandikia, wenye ndugu Mbeya, walikuwa na maswali mengine kabisa. Mafiati kunapitika? Watoto wa shule wamerudi? Yale maduka ya upande wa pili wa barabara yamefungwa au yamevunjwa? Gazeti la kesho yake haliwezi kumjibu mama aliyeko Tunduma ambaye mwanawe hajafika nyumbani jioni hii. Sisi tuliweza, kwa sababu wengine wetu tulikuwa tumejibanza nyuma ya hayo maduka.

Raha nyingine zilikuwa ndogo na za kudumu. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu, na msimu wake wa kwanza tu ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Jiji zima likavaa zambarau. Kurasa za michezo za Dar bado zilikuwa na Simba na Yanga juu, sisi chini kama tangazo la kupotelewa cheti. Kwa hiyo wanablogu wa hapa wakaandika wenyewe: mabasi ya mashabiki yametoka saa ngapi, nani kaachwa Makambako akinunua mahindi ya kuchoma, mama gani kafunga mgahawa kwenda uwanjani. Uandishi wenyewe ulikuwa wa kishabiki mno na sarufi ilikuwa inaumwa. Niliusoma wote.

Kulikuwa na msomaji mmoja, mtu wa Tukuyu anayefanya kazi Botswana, aliyewahi kuniandikia akiomba picha ya mvua. Si ya mafuriko, wala ya barabara iliyokatika. Mvua tu, ile nyembamba isiyo na haraka ya Rungwe, ikinyesha juu ya migomba. Nilipanda gari siku ya Jumapili nikaenda kuipiga. Nauli nilijilipia, na sijawahi kuijutia.

(Nao ugomvi wetu wenyewe kwa wenyewe ulikuwa raha. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya 2016, wanablogu wa pande mbili walibishana wiki nzima juu ya nani sasa ana haki ya kujitambulisha kwa picha ya kimondo cha Mbozi. Kimondo kilikwenda Songwe. Uwanja wa ndege wa Songwe ukabaki Mbeya. Mpaka leo kuna wageni wanatua hapo wakidhani wamefika mkoa mwingine.)

Habari ninayojivunia kuliko zote nilizoandika ni ya lumbesa. Asiyeijua lumbesa asimame siku moja pale viazi vinaposhushwa. Gunia linajazwa hadi mdomo, kisha linavishwa kilemba: linaongezewa viazi juu na kusukwa kwa kamba mpaka linafanana na mtu mwenye shingo nene. Mkulima wa Isyonje au Umalila analipwa gunia moja. Mlanguzi anapofika sokoni anavimwaga na kuviuza kwa ndoo, na kile kilemba kinakuwa faida yake safi. Sheria ya vipimo inataka viazi vipimwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Mizani hiyo shambani huioni. Nilikwenda soko la SIDO, Mwanjelwa, nikamkuta mama mmoja muuza viazi aliyekuwa nayo, ameining'iniza kwenye mlingoti wa kibanda chake chini ya turubai la bluu. Tulifungua lumbesa moja tukaipima kwa mafungu, ndoo kwa ndoo, wapagazi wakituzunguka na kuhesabu kwa sauti. Ilipita kilo 100 tukiwa bado na viazi chini. Nikapiga picha: mama, mzani, turubai, na lile gunia likiwa limelegea kama puto lililotoka upepo.

Ile picha ilisomwa sana. Baada ya siku mbili niliikuta kwenye blogu ya mwenzangu, mtu ninayemfahamu vizuri, kibanda chake cha steshenari kipo Kabwe. Nilikuwa nimeandika jina langu chini ya picha kwa maandishi meupe. Yeye alikata sehemu ya chini, akaweka jina lake kwenye kona ya juu. Nilimfuata. Hakuruka wala hakukana.

"Kaka, habari ni ya Mungu," alisema. "Wewe umeipata kwanza, mimi nimeisambaza. Hapo tatizo liko wapi?"

Nikaondoka nikitetemeka kwa hasira. Jioni mke wake alinitumia salamu kwa mke wangu. Ningemshtaki wapi?

Wizi wa namna hii ulikuwa chakula cha kila siku, na nadhani ulitugharimu kuliko tulivyokubali. Habari moja ilipita kwenye blogu nane na kosa lake lilelile la tahajia, kama chapa ya ng'ombe. Wanane walikuwa na posti siku hiyo, ila aliyekwenda kwenye tukio ni mmoja. Na huyo mmoja, akishaona kwamba nauli yake inawalisha saba, mwezi ujao naye anabaki nyumbani anasubiri.

Fedha za kumfanya atoke hazikuwepo. Tangazo langu la kwanza lilikuwa la duka la vifaa vya ujenzi, shilingi 30,000 kwa mwezi, na mwenye duka alilipa kwa uaminifu kabisa. Mwezi wa tano nikaandika juu ya kalvati lililojengwa chini ya kiwango. Mwenye duka akanipigia simu, kwa upole wote: "Mdogo wangu, yule mkandarasi ni mteja wangu, saruji yote anachukua kwangu. Hebu itoe tu hiyo, tutaongea." Sikuitoa. Yeye hakuniondolea tangazo. Ila nilipokwenda kuchukua hela ya mwezi wa sita nilipita mlango wa nyuma, na mwezi wa saba sikwenda kabisa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema bloga wa mkoani ananyamazishwa kwa vitisho. Mara nyingi anaombwa. Anaombwa na baba mdogo, na mwalimu aliyemfundisha darasa la tano, na mzee wa kanisa, na diwani aliyechangia harusi yake. Barua ya mwanasheria ningeibandika kwenye blogu na kupata wasomaji zaidi. Ombi la mwenye duka ningelibandika wapi?

Nasema mara nyingi, kwa sababu mambo mengine hayasahauliki. Tarehe 2 Septemba 2012, kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa akiwa kazini, polisi walipokuwa wakitawanya wafuasi wa Chadema. Picha za dakika zake za mwisho ziliwafikia watu wengi kupitia blogu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kumuua bila kukusudia. Baada ya Nyololo kuna wenzetu wa Iringa waliobadilika. Waliendelea kuandika, lakini wakienda kwenye mkutano wa siasa walisimama mbali, karibu na njia ya kutokea, na kamera zao zikajifunza kuvuta picha kwa mbali. Niliziona picha zile zikisogea nyuma mwezi hadi mwezi. Sikumlaumu mtu.

Kisha ikaja 2018. Machi mwaka ule zilitangazwa kanuni za maudhui ya mtandaoni: bloga aombe leseni, shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za ada ya mwaka. Asiyefanya hivyo faini isiyopungua 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Nilichukua kalamu nikagawanya 2,100,000 kwa lile tangazo langu la 30,000. Miezi 70. Yaani ningekusanya hela ya tangazo kwa karibu miaka sita bila kununua hata vocha, ndipo niwe halali kwa mwaka wa kwanza. Juni hata JamiiForums, jukwaa kubwa kuliko sisi wote tukijumlishwa, lilizima kwa muda. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu mmoja aliandika "Jamani, kwaherini," akaweka picha ya mlima Kitonga wenye ukungu. Wengine wakafuata bila hata kwaheri.

Kanuni zilibadilishwa 2020, na baadaye ada zikapunguzwa. Waliorudi ni wachache. Naona ada ile ilitupa pia kisingizio, na nitakasirikiwa kwa kusema hivi. Baadhi yetu tulikuwa tumeshachoka kabla ya Machi 2018. Tulikuwa tunanakiliana na kuombwa, tukikubali, tukilala mapema. Kanuni zilipokuja tukapata sababu yenye heshima ya kufunga.

Waliobaki walihamia YouTube na kuitwa Online TV. Ukienda leo kwenye mkutano wa mkuu yeyote wa idara utaikuta meza imejaa maikrofoni zenye sponji za rangi, kila moja na jina la televisheni ya mtu mmoja, na nyuma yake mtu huyohuyo mmoja akiwa mkurugenzi, mtangazaji na dereva wa bodaboda yake. Sipuuzi. Kuna vijana Njombe na Mafinga wanaofuatilia bei za parachichi na mbao kwa bidii ambayo sisi hatukuwa nayo. Ila mkutano ukiisha tazama mlangoni. Watu hawaondoki. Wanasubiri "nauli", kwenye bahasha ya kaki. Na anayeitoa hahisi anahonga, anahisi anamsaidia kijana wa nyumbani aliyetoka mbali. Anayeipokea hahisi amenunuliwa, kwa sababu kweli alitoka mbali na kweli hana nauli. Jioni habari inapanda: mkuu wa idara amesema, ameagiza, ameonya, amesisitiza. Mfereji haumo.

Dawa inayopendekezwa kwenye semina ni mafunzo ya maadili. Nimehudhuria mbili, chai yake nzuri. Tulifundishwa kutopokea bahasha, na mwisho wa semina tukapewa bahasha. Ninachokiona kikifanya kazi, kwa uchache, ni ujirani uleule ukigeuzwa upande wa pili. Mwenye habari ngumu ya Mbeya ampe wa Iringa aitoe, wa Iringa naye alete ya kwake huku, kila mmoja amwandike mtu asiyekula naye sinia. Tuliwahi kufanya hivyo mara nne au tano kati ya watu watatu. Simu za maombi zilikuja bado, lakini zilimkuta mtu anayeweza kusema kwa dhati, "Mzee wangu, blogu ile si yangu." Mpango ulikufa pale mmoja wetu alipopata kazi ya ofisa habari. Hongera zake, tulikula pilau.

Mwaka jana yule mama wa viazi alinitafuta. Soko la SIDO lilikuwa limeungua Agosti 2017, na kibanda chake kiliondoka pamoja na mzani. Tangu hapo amehama mara mbili. Sasa kulikuwa na ubishi baina ya wafanyabiashara wa zamani, nani alikuwa na meza wapi, na yeye hakuwa na karatasi hata moja. Zote zilikuwa kwenye sanduku chini ya meza.

"Mwanangu, si ulinipiga picha siku ile ya lumbesa?" aliniuliza. "Ile inatosha. Kila mtu ataona nilikuwa wapi."

Sikuwa na la kumwambia. Blogu yangu niliihamisha 2015 kutoka kwenye ile ya bure ya blogspot kwenda anwani ya kulipia, nikijiona nimekua. 2018 niliacha kulipa. Kila kitu kilikwenda: mvua ya Rungwe, kalvati, mfereji, lumbesa. Kompyuta yenye nakala iliibwa zamani. Nilimketisha mama pale dukani kwa rafiki yangu, nikaagiza chai, nikaanza kutafuta kwenye simu bila matumaini, kwa kuandika tu lumbesa, Mwanjelwa, viazi.

Ikaja. Kwenye blogu ya jirani yangu wa Kabwe, ambaye hajaandika neno tangu 2018, na ambaye hakuwahi kuona sababu ya kulipia anwani. Turubai la bluu, mlingoti, mzani unaning'inia, nusu ya juu ya mama akicheka, na nyuma yake ukuta wa ghala wenye namba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Gunia na miguu ya meza havikuwepo. Vilikatwa pamoja na jina langu.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. "Ndaga, mwanangu," alinishukuru. "Mzani wangu huo." Kisha akaisogeza machoni na kusoma jina lililo kwenye kona ya juu. "Na huyu ni nani?"

Nikamwambia ndiye aliyeitunza. Tukaenda kuichapisha, nakala tatu, shilingi 1,500.